Dua Iliyokwenda Dubai

Zuwena mwanangu,

Salamu tumeshapeana leo tangu asubuhi mpaka zimekwisha ladha, kwa hivyo naziacha. Umetoka kwenda kuaga rafiki zako, umesema hutochelewa, nami nimekaa hapa jikoni dirisha wazi. Jua la London siku hizi halina haraka ya kwenda, na watoto wa jirani wangali wanapiga mpira chini. Begi lako liko mlangoni. Kila nikilipita nalisogeza kidogo, ati lisizuie njia, na wala halimzuii mtu.

Naandika Kiswahili kwa kuwa Kiingereza changu cha kusema kinanitosha kazini, lakini cha kuandika hakinifikishi ninapotaka. Wewe soma polepole, utafika.

Sitokuambia ule nini wala ulale vipi. Hayo wanayajua wenyewe wanaokupeleka. Ulinionyesha hata ule mfuko wa kulalia unaofungwa ukutani, mtu asielee. Mimi nilikulea kwa kukufunika shuka, ya mfuko wa ukutani siyajui. Ninachotaka ni kukujibu lile uliloniuliza Jumapili, nikalikimbia, nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Lakini siwezi kulijibu hivi hivi. Nipe nafasi nianzie mbali kidogo.

Siku uliyoniambia ilikuwa ya mvua. Ulikuja umeshika boksi la keki, nikajua kuna jambo, maana wewe keki hununui bure.

"Mama, nimechaguliwa."

"Nani kakuchagua? Kwao wapi?"

Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Si posa, Mama. Nakwenda juu."

"Juu wapi? Manchester?"

Ukaninyooshea kidole dari. Nami nikatazama dari, nikaona ile alama ya maji ya jirani wa juu, nikangoja uendelee.

Ukanieleza kwa Kiingereza chako cha mbio. Kwamba huko angani kuna kituo, kama nyumba, kinaizunguka dunia na watu wamo ndani wanafanya kazi. Kwamba siku hizi si serikali peke yake inayopeleka watu, kuna kampuni yenye chombo chake na viti vyake, na viti vinauzwa. Kwamba maabara yenu imelipia kiti kimoja, wakatafuta mtu wa kukikalia, aende akapime damu na mifupa ya watu inavyokuwa kule, na mtu mwenyewe ni wewe. Mko wanne. Kamanda aliyekwisha kwenda zamani, tajiri mmoja anayekwenda kwa hamu yake, bwana aliyetumwa na nchi yake, na mtoto wa Asha wa Pemba.

Nilikuuliza swali moja tu. Hicho chombo kimeshawahi kuanguka?

Ukaanza kufungua boksi la keki. "Hiki hakijaanguka, Mama."

Hiki. Nililisikia hilo "hiki", Zuwena. Usidhani halikunipata.

Nikakwambia basi, usimwambie mtu. Hata shangazi'ko.

Sura yako ikabadilika, na sura hiyo naijua tangu u mtoto. Skuli walipokupa zawadi ya hesabu, ulikuja mbio na karatasi yenye nyota ya dhahabu. Wenzako mama zao walizibandika kwenye friji. Mimi yako niliitia chini ya godoro. Wakija wageni wakiuliza mtoto anaendeleaje, nasema, "Aa, anajikongoja tu." Na wewe umekaa hapo hapo unasikia. Siku moja ulinirudi mbele yao: "Sijikongoji! Mimi wa kwanza!" Nikakufinya paja. Wageni wakacheka, mimi nikasoma Kul-audhu kimoyomoyo mpaka walipovaa viatu.

Nilidhani nakufunika na jicho la watu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto aliyefunikwa hauoni mkono unaomfunika, anaona giza tu. Nilikuzaa mimi mwenyewe sijakua. Hata kazini kwenu walidhani mimi dada'ko. Mambo mengi nilikuwa najifunza kwako, na hili nimelijifunza nimechelewa.

Sikulizua mimi hili la kuficha. Nimelipokea.

Siku tuliyotoka Pemba ulikuwa wa kubebwa mgongoni. Baba'ko, Mungu amrehemu, alikwishatangulia huku, na mambo ya siasa yalikuwa mabaya, watu wanaondoka kimyakimya. Bibi yako, mama yangu, akaniambia, "Safari haitangazwi, Asha. Usiage mtu. Hata mie usiniage, jirani akiniona nalia atajua." Asubuhi ile akachukua jembe akaenda bondeni kwenye mpunga wake, kama siku zote. Mimi nikatoka na mkoba mmoja, nikapita njia ya bondeni kwa makusudi. Nikamwona ameinama analima. Alijua napita, maana wewe ulikuwa unaimba mgongoni na bonde zima lilikusikia. Hakuinua kichwa. Alilima pahala pamoja, pale pale, mpaka tukapita.

Sikumwona tena. Alipofariki nilikuwa hapa, sijapata karatasi za kunirudisha. Kwa miaka nimejiambia kwamba ule ulikuwa upendo mkubwa kuliko wa kukumbatiana, na kweli tulifika salama. Lakini mpaka leo sina uhakika kama aliniridhia. Naamini aliniridhia, moyo wa mama naujua. Ila sikusikia. Kuamini na kusikia si kitu kimoja.

Ungedhani mtu aliyepatwa na hilo atajifunza. Mimi nililirudia kama lilivyo.

Ulipoanza mazoezi watu wakawa wanauliza mbona huonekani. Nikasema umepata kazi Dubai, utakwenda kwa muda. Nilichagua Dubai kwa kuwa kila mtu wetu ana mtu wake Dubai, hakuna wa kushangaa. Lakini niliwasahau watu wangu. Hawakushangaa, waliagiza! Bi Time, jirani yake shangazi'ko, akasema, "Mwambie aniletee udi, ule wa vipande, wa unga sitaki." Mwengine baibui, mwengine mafuta ya mgongo. Nami naitikia tu, inshallah, inshallah.

Kisha wifi yangu Rukia, shangazi'ko, akasema mtoto wa kaka yake haondoki hivi hivi, lazima asomewe. Akawaita wanawake wote nyumbani kwake. Ubani ukafukizwa mpaka king'ora cha moshi kikalia, mtu akapanda juu ya kiti kukipepea na kanga. Wakasoma Yasini. Rukia akaomba dua mwenyewe, machozi yanamtoka. Ya Rabbi mfikishe Dubai salama, ndege yake itue salama, mkinge na mahasidi wa Dubai, mrejeshe kwa mama yake. Na wote: amin. Na mimi: amin.

Moyoni nikasema, Mola wangu, Wewe wajua aendako. Hiyo Dubai Uisome Unavyojua.

Utacheka. Najua Mungu hapotezi njia. Lakini mimi ni mtu wa chuo cha Kurani na darasa la saba, akili yangu hutembea kwa miguu. Kwa siku nyingi nilikuwa naiona ile dua imefika uwanja wa ndege wa Dubai, imekaa inakungoja, na wewe hutokei.

Nilikuwa katika hali hiyo nilipokwenda Kingsbury Road kununua bizari kwa Bwana Kanti. Unamjua, kazaliwa Wete, Kipemba chake kikongwe kuliko changu. Akanipimia, akanitazama juu ya miwani.

"Mama Zuwena, mtoto yuko wapi siku hizi?"

"Anajitayarisha, Bwana Kanti. Anakwenda Dubai."

"Dubai." Akafunga mfuko taratibu. "Dubai hii imepanda juu sana."

Nikafungua pochi kutafuta pesa.

"Binti yangu kanionyesha kwenye simu, gazetini. Kavaa nguo nyeupe, kashika kofia kama tenga. Nikamwambia, huyu nimempa ubuyu hajaota meno ya mbele. Unamficha nani, mama? Kaandikwa jina zima!"

"Husda, Bwana Kanti."

"Husda! Itapanda huko? Itakosa pumzi njiani." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akainama karibu, akapunguza sauti. "Mimi nishakwenda hekaluni, pale Neasden. Nimemwombea. Nimesema wazi, roketi. Na jina lake nimelitaja."

Nilitoka bizari nimeiacha mezani, akanifuata nayo barabarani. Nikakaa kituoni, mabasi yakawa yanakuja na kuondoka. Katika London nzima mtu aliyekuombea safari yako ya kweli alikuwa mzee wa Kihindi muuza bizari. Sisi damu yako tulikuombea safari nyingine. Na aliyewapoteza watu njia ni mama'ko.

Bado sikusema. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho yake nikajiambia hivyo hivyo. Ndipo ukaja Jumapili. Ulikula, ukasogeza sahani, ukasema kwa Kiswahili, na wewe Kiswahili hukisemi ila umekikusudia: "Mama, nataka radhi yako."

Nikasema, "Chai yako inapoa."

"Mama."

"Kunywa kwanza."

Ukarudi kwenye Kiingereza, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Ukaniuliza, nikifa huko, utawaambia nimefia wapi? Dubai?

Nikaenda kwenye sinki.

Sasa nikwambie nilichokuwa nafikiri nimekupa mgongo. Nilikuwa naona radhi ndiyo kitu pekee kilichobaki mkononi mwangu. Mengine yote wameshachukua wengine. Mwili wako wanaupima madaktari wao. Usingizi wako una saa zao. Mkifika huko Marekani watakutengeni na watu msiambukizwe maradhi, na jamaa watakuoneni kwa mbali, kamba katikati. Kwa hivyo kesho ndiyo siku ya mwisho ya kukugusa mpaka urudi. Nikajisemea, nikitoa na hii radhi, nitabaki na nini cha kumshikia? Kama kwamba nikiibana, chombo hakitoruka! Kitaruka, najua. Ila kuna kujua kwa kichwa, na mikono bado inabana.

Kulikuwa na bibi mmoja kazini kwetu, kwenye nyumba ya wazee. Siku za mwisho aliniuliza kama anakufa. Nikamwambia, "Wewe? Wiki ijayo utacheza dansi." Nilidhani nimemfurahisha. Akageukia ukuta na hakunisemesha tena, alifariki akiwa amenigeuzia mgongo. Mwaka mwengine bibi mwengine akaniuliza lile lile. Nikamwambia, "Sijui, lakini niko hapa." Akanishika mkono, akalala. Mimi sikusoma vitabu, na kama kuna kitu London imenifunza, ni hicho. Wageni nawaambia kweli. Wewe mwanangu nakwambia chai inapoa.

Basi leo baada ya sala ya Ijumaa nikaenda kwa Rukia. Walikuwepo wote, sahani za kachori katikati. Nikasema nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitosema.

"Zuwena haendi Dubai."

Bi Time akadakia, "Masikini, wamemwachisha kazi?"

"Anakwenda angani. Na roketi. Kesho anaondoka hapa kwenda Marekani, na huko ndiko watakakorukia."

Nikasikia friji lake Rukia linavyonguruma. Akaweka kikombe chini.

"Asha. Tumekaa hapa hapa, nimelia machozi yangu haya, kumbe namwombea mtu Dubai?"

"Nilichelea, wifi."

"Ulimchelea nani? Mimi?"

Ningeweza kusema hapana. Nikasema, "Nyote."

Alitazama mikono yake. Nadhani nilimwona akizeeka. Na katika kimya kile Bi Time, Mungu amweke, akasema kwa sauti ndogo, "Na udi wangu je?"

Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, akafuata mwengine, mpaka nyumba nzima ikawa inacheka, mimi nalia humo humo. Kisha maswali yakaja kama mvua. Huko chooni wanakwendaje? Nywele anafunga vipi kama kila kitu kinaelea? Huyo tajiri ana mke? "Hebu mwacheni mwenzenu apumue," Rukia akasema. "Nani hana udhu? Haya, inukeni. Tunaanza upya. Na wewe Asha nieleze hicho kitu hatua kwa hatua, nisikose tena njia."

Nikamweleza kama ulivyonieleza. Naye akaomba hatua kwa hatua. Ya Rabbi, moto utakapowaka chini yake, uwe baridi na salama kama Ulivyoufanya kwa Nabii Ibrahimu. Kitakapopanda, kishike. Kitakapofungamana na hicho kituo, Wewe ndiye Mwenye kufunga na kufungua. Kitakapoteremka na bahari ikapokea, ipokee kwa upole. Akakutaja, Zuwena binti Asha. Nikaitikia amin mpaka koo likauma.

Nilidhani nitatoka pale nimetua mzigo. Sikutua kitu. Niliogopa zaidi, kwa sababu sasa ni kweli. Zamani nikiwa peke yangu niliweza hata kujidanganya kwamba unakwenda Dubai. Sasa siwezi, wanawake wote wale wanajua, na simu zimeshapigwa mpaka Chake Chake. Na Rukia aliponisindikiza mlangoni aliniambia, "Mtoto wa kaka yangu, Asha." Basi, hayo tu. Nitakaa na neno hilo muda mrefu, na ni haki yangu kukaa nalo.

Kesho gari likija alfajiri usishtuke. Wamesema watakuja kukuaga. Nimewakataza, hawasikii. Utawakuta barabarani na makoti juu ya mabaibui yao, Bi Time atakubana mashavu, kuna atakayepiga video, na majirani watachungulia madirishani hawajui kama ni harusi au msiba. Waage wote, mmoja mmoja. Shangazi'ko umwanze. Dereva na angoje.

Uliniomba nije Marekani nikuone mkiruka. Hilo nimelikataa, na sibadilishi. Nikiwa pale nitapiga kelele, na wewe umo ndani hunisikii, sasa itamfaa nani? Nitakutazama kwa Rukia, nimeshikwa mkono huku na huku. Mkishafika, najua kwamba katika muda wa mimi kupika sufuria moja ya pilau utakuwa umeshaizunguka dunia, umenipita juu ya kichwa, na mimi sina nitakaloweza kukufanyia. Nilizoea kukuhangaikia kwa mikono. Kukuhangaikia bila mikono sijui mtu anafanyaje.

Nimebaki na kutumaini, na natumaini sana, usidhani ni kidogo. Natumaini utarudi umechoka, miguu imesahau kutembea, ukae hapa jikoni unilalamikie kwamba chai ina sukari nyingi. Natumaini utakuwa umeona kitu huko ambacho hutoweza kunieleza, na ujaribu kunieleza hivyo hivyo.

Uliniuliza nitawaambia umefia wapi. Nitawaambia ulikokuwa, Zuwena. Nitasema angani, kazini, kwa hiari yake, na mimi nilijua. Sitoficha hata kidogo. Nimeandika sentensi hii na mkono wangu haukukatika.

Na radhi uliyoitaka ni hii. Mimi Asha, mama'ko, nimekuridhia. Nimekuridhia kwenda na nimekuridhia kupanda. Maziwa niliyokunyonyesha ni halali yako. Lolote ulilodhani umenikosea tangu utotoni mwako, sina nalo kinyongo, na lile nililokukosea mimi naomba unisamehe kabla hujafunga huo mkanda wa kiti. Mola akuridhie kama nilivyokuridhia mimi. Nayasema haya na sitaki uende. Yote mawili ni kweli, na nimeona nikingoja moja lishinde, gari litakuwa limeshakuchukua.

Nasikia lifti. Huenda ni wewe. Barua hii nitakupa mkononi, usiifungue mbele yangu.

Mdomo wangu wa kesho siuamini. Nikishindwa kusema, jua nishasema.

Mama'ko,
Asha